Mkoba wa Kamera ya Marehemu

Kamera ya marehemu mume wangu siipendi. Ni nzito na inanishinda. Lakini mwanangu aliposema tuigawe, nilikataa katakata.

Jumapili, kwenye kipaimara cha mjukuu wangu pale Iringa, nikaamuru simu zote ziwekwe mifukoni. Picha ya ukoo lazima ipigwe na kamera ya babu yao! Ndugu waliotoka Mgololo wakajipanga mbele ya kanisa, gari lao la kurudi likiunguruma.

"Bibi, fanya haraka, wanaondoka," mjukuu akanihimiza.

"Tulia. Simameni wima!"

Nikafungua mkoba mbele ya mchungaji. Ndani zimejaa mbegu za maharage, nilizoficha humo mwenyewe panya wasile.

Mkwe wangu akauliza, "Mama, kamera iko wapi?"

"Nyumbani, imekandamiza mfuniko wa ndoo ya togwa. Na bado haigawiwi."