Mashine Mbili, Damu ya Kichupa Kimoja

Nakumbuka siku moja mashine zetu mbili zilipokubaliana, nami nikaamini. Mwanangu, tangu hapo nikiona makubaliano ya haraka naingiwa na wasiwasi.

Nilikuwa binti mbichi kwenye maabara ya ghorofani, Kariakoo. Akaingia Bi Hadija wa Magomeni, kafura, mkononi kichupa cha damu ya mwanawe Shabani, muuza mabegi. Damu ilitolewa zahanati ya jirani. Nyuma yake Shabani mwenyewe na mkewe Zaituni, mtu wa Mtwara. Shabani alikuwa anameza lithiamu, dawa ya kumtuliza akili. Ikizidi kwenye damu ni sumu. Vidonge alikuwa anapewa na mkewe.

"Pimeni muone!" Bi Hadija akasema. "Huyu anamzidishia mwanangu dawa ili abaki na duka. Leo arudi kwao, ama twende polisi."

Tulikuwa na mashine kongwe, inayochoma sampuli na kusoma rangi ya moto, na mpya ya kemikali. Nikapima kwa zote. Zote zikasema dawa imepita kiasi, tena vibaya. Nikamtazama Zaituni kwa jicho baya. Kumbe ndiyo maana kanyamaza! Nikainuka kutoa majibu.

Mzee Kondo, mkuu wetu, akanizuia. "We binti, mwenye dawa kiasi hiki angekuwa anatetemeka, hajui alipo. Yule kapanda ngazi zote anapiga soga za mpira. Hebu nipe hicho kichupa."

Akakitazama, akasonya. Vichupa vya aina ile vina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa yenyewe ina lithiamu ndani. Mashine zote mbili zilipima ya kichupa pamoja na ya mtu.

Tukamtoa Shabani damu upya, kwenye kichupa kisichotiwa dawa yoyote. Majibu ya kawaida kabisa, kwa mashine zote.

"Basi, yameisha," Bi Hadija akasema. "Twendeni nyumbani."

Zaituni hakuinuka. "Nguo zangu ziko barazani kwako, mama. Ulizitupa kabla hata hatujapima."



Mwanangu unayeanza kazi hii, njia mbili zikikubaliana usishangilie. Uliza damu kaitoa nani, saa ngapi, kaiweka kwenye nini. Kishuku kichupa, ishuku mashine, nishuku hata mimi, kabla hujamshuku mtu ambaye majibu yako yatamtoa nyumbani kwake. Mungu akupe jicho kali na moyo wa huruma, asije mtu akalala nje kwa sahihi yako. Amina.