Mume Wangu Anasifiwa kwa Hesabu Zangu

Ndugu wasomaji, jina langu lifichwe kabisa, hata la kijiji. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, mke wa mwalimu wa shule ya misheni huku upande wa Nchelenge, kando ya ziwa. Nina mtoto mmoja, hapa nitamwita Mwila; ndiyo maana mume wangu namwita BashiMwila, baba yake, naye ananiita BanaMwila.  

Mume wangu anasoma masomo ya sekondari kwa posta ili apandishwe cheo. Mwaka jana aljebra ilimshinda. Wiki nzima alikaa na hesabu moja, anaandika, anafuta, anachana karatasi. Mimi niliishia darasa la sita, lakini mchana mmoja nikianika mihogo nilichungulia kitabu chake nikamwambia, "BashiMwila, hii x uipeleke ngambo ingine, alama yake inageuka." Akacheka. Akajaribu. Ikatoka. Siku ile alinisifu mpaka nikaona aibu.

Basi ikawa kazi yangu. Aljebra, trigonometria, takwimu, zote nafanya mimi kwenye karatasi chakavu, yeye ananakili kwa mwandiko wake mzuri. Sikuona kama ni dhambi. Niliona raha, kusema kweli, nilikuwa nayangoja yale masomo kuliko yeye. Alama zikarudi za juu, akasifiwa kanisani mbele ya watu wote, nami nikapiga vigelegele pamoja na wanawake wengine.

Kazi zake, kabla ya kutumwa posta, hupitiwa na Mama mmoja muzungu wa misheni. Mwezi huu mume wangu alisahau karatasi yangu chakavu ndani ya bahasha. Upande mmoja hesabu ya pembetatu. Upande wa pili, kwa mwandiko uleule, barua niliyoanza kumwandikia mama yangu kisiwani Kilwa, humo ziwani kwetu, kwamba Mwila anaota meno. Yule Mama akatuma niitwe, niende Jumatatu iliyopita, peke yangu.

Mume wangu hakunipiga. Alipiga magoti, na hilo liliniogopesha zaidi.

"BanaMwila, sema haujue kitu. Ukijua hesabu mbele ya ule Mama, mimi nimekwisha. Kazi itaisha, nyumba itaisha, wadogo yangu watatoka ku masomo. Ni mimi nilikufungulia kitabu. Sasa utaniua nacho?"

Jumatatu nilikwenda. Mama alinipa kiti, penseli na hesabu moja: mtu amesimama futi sitini kutoka chini ya mnara, anatazama kilele kwa pembe ya digrii thelathini, mnara una urefu gani? Jibu lilikuja kichwani kabla hajamaliza kusoma, karibu futi thelathini na tano. Nikaandika thelathini, na hatua zake, kwa makusudi, nikamsukumia karatasi.

Akapitisha kidole chini ya hatua zangu, moja moja.

"Mutu asiyejua angeniachia karatasi tupu," akasema polepole. "Wewe umetumia sine pahali pa tanjenti. Kwa kukosa hivi, lazima ujue zote mbili. Nani amekuambia ukose?"

Nililia tu.

"Kuna nafasi moja ya kusomea ualimu wa wasichana," akasema. "Nataka kuandika jina yako. Lakini sitasema uongo. Nikiandika lako, wataniuliza nimejuaje, na nitasema hesabu za bwana yako zilikuwa za nani. Nakungoja mpaka shule zifungwe."

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba nimeikosa hesabu, kama alivyoniomba. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akanichinjia kuku. Mengine sikumwambia. Tangu hapo nikisikia mtu anabisha mlangoni, nadhani ni yule Mama amekuja kumwambia yeye mwenyewe. Mume wangu akiniangalia kimya nadhani amekwisha kujua. Si mtu mbaya. Wadogo zake watatu wanasoma kwa sababu yake, na mtoto wangu analala chini ya paa la kazi yake.

Lakini niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ile nafasi naitaka. Naitaka hata nyumba ikibomoka, na hilo ndilo linaniogopesha kuliko yote. Mama zangu, dada zangu, hata ninyi wanaume wenye wake: nimwendee yule Mama, ao ninyamaze mpaka shule zifungwe? Mimi peke yangu nimeshindwa.