Lori iliyoangusha veranda yangu Busia, na siku nilimwambia wakili ageuze karatasi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni nyanya wa miaka themanini na kitu. Mjukuu alinifungulia hii account, nikawa nawasoma tu kimyakimya. Lakini juzi nimeona mnabishana: lori ikigonga mtu, nani alipe, dereva ama mwenye lori?

Hiyo mambo naijua kwa mwili wangu. Nitawaambia vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi.

Ni miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya. Nilikuwa fundi wa nguo Busia, upande wetu wa Kenya. Sikuwa na duka. Nilikodi veranda ya mzee mmoja Mwislamu aliyeuza vitambaa, nikaweka hapo cherehani yangu ya kukanyaga.

Hiyo cherehani niliinunua mwenyewe, kwa kushona uniform za shule. Wasichana wa rika langu hawakuwa na kitu kama hicho. Mniache nijivunie kidogo.

Alasiri moja nimeinamia gauni ya harusi ya msichana wa Matayos. Nikasikia honi, ndefu, haikatiki. Kuinua kichwa, naona pua ya lori.

Nilipopata fahamu nilikuwa chini ya mabati. Cherehani imekunjika. Mguu wangu wa kushoto umevunjika mahali pawili.

Hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Nilikaa hospitali ya misheni miezi kadhaa, na kila asubuhi nilimlaani huyo dereva. Fundi wa cherehani bila mguu ni nini?

Siku moja akaja mwenyewe. Anaitwa Okiru, mtu wa kabila la Wateso kutoka Amukura, mtu mzima mwenye familia. Kichwani bandeji, mkononi kuku. Nikamwonyesha kiti, akakataa, akakaa sakafuni.

"Dada," akasema, "breki ilikataa kabisa. Mbele yangu kulikuwa na akina mama wa soko, wengine na watoto mgongoni. Nikakata kuja kwa veranda. Niliona nguo zimetundikwa tu. Wewe sikukuona."

Akaendelea:

"Na asubuhi niliwaambia breki haishiki. Karani wa tajiri mwenye lori akanijibu, kama unaogopa shuka, pale mpakani Malaba kumejaa madereva."

Nikamwuliza, "Sasa mbona hujasema hivyo kwa polisi?"

Akainama. "Karani alikuja kwangu. Anataka nikubali makosa yote ni yangu, eti tajiri atanikumbuka baadaye."

Wakuu, hapo hasira yangu ilihama. Ilitoka kwa Okiru ikaenda kwa mtu ambaye hata kuja kuniangalia hakuja.

Nilipotoka hospitali Baba aliniambia niache hayo maneno. Tajiri ana malori mengi, ana wakili Kisumu, wewe una magongo mawili. Nikamwambia, "Baba, magongo yatanifikisha kortini."

Pesa ya wakili sikuwa nayo. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuandika pale kortini alinisaidia kuandika mashtaka. Akanishauri nishtaki wote wawili, dereva na mwenye lori. Nilisita kwa sababu ya Okiru, lakini Okiru mwenyewe akasema, "Niandike, dada. Angalau nitapata mahali pa kusema."

Jibu la tajiri lilikuja kwa Kiingereza. Yule mzee akanisomea. Lilisema hivi: breki zilikuwa mbovu, tajiri alijua, na dereva aliagizwa aiache lori imesimama mpaka spea ifike. Yeye akaichukua bila ruhusa kwenda kwao Amukura kwa shughuli zake. Kwa hivyo mwenye lori hahusiki.

Mnaona ujanja? Deni lote kwa Okiru, ambaye hata baiskeli hakuwa nayo.

Usingizi ulipotea siku mbili. Nilikuwa na hakika kuna kitu najua, lakini hakiji.

Siku ya tatu Mama alileta kitabu changu cha vipimo. Yeye ndiye alikitoa kwa vifusi siku ya ajali. Alitaka nimwambie vitambaa vilivyobaki ni vya nani awarudishie wenyewe. Nikawa nafungua ukurasa kwa ukurasa. Nikafika kwa yule bibi harusi wa Matayos. Vipimo vyake nilikuwa nimeandika kwa karatasi ya pembeni, kama kawaida yangu, sitaki kuharibu kitabu.

Nikaigeuza.

Nilipiga kelele mpaka Mama akaangusha kitambaa.

Siku ya kesi korti ilijaa. Madereva wa Malaba walikuja, wamesimama mpaka nje. Wakili wa tajiri alikuwa kijana msafi, suti nyeusi. Nilipomaliza kueleza, nikatoa karatasi yangu. Ikapitia kwake kwanza.

Akaisoma kwa sauti. "Kifua thelathini na sita. Kiuno ishirini na nane." Akamwangalia hakimu. "Mheshimiwa, huyu mama ametuletea kiuno cha mtu."

Watu wakacheka. Mimi nikangoja wamalize.

Nikasema, "Mheshimiwa, wakili amesoma mgongo wa karatasi. Ageuze."

Akageuza. Hakusoma tena. Hakimu akanyoosha mkono, akaichukua, akaisoma mwenyewe: "Dada fundi, shona hii turubai upesi. Lori lazima iende Amkura leo mchana kupakia pamba yetu."

Ndiyo hivyo. Asubuhi ya ajali karani wa tajiri alinitumia turubai ya lori ile ile, imechanika, na hiyo noti juu yake. Niliishona, ikachukuliwa, nikabaki na karatasi, na bibi harusi alipokuja kupimwa asubuhi hiyo hiyo nikaandika vipimo vyake nyuma yake.

Wakili akaruka, akasema yeyote anaweza kuandika vile. Hakimu akauliza karani yuko wapi. Alikuwa benchi la nyuma, amejificha kwa kofia. Akaitwa mbele, akaapishwa, akapewa kalamu. Hakimu akamsomea yale maneno, yeye akaandika.

Hata kulinganisha mwandiko hakukuwa na haja tena. Aliandika "Amkura", ameacha u, vile vile kama kwa noti.

Karani mwenyewe akasema, "Ni mimi. Niliagizwa."

Hakimu akamgeukia tajiri. Maneno yake nayakumbuka: "Umeniambia mwenyewe ulijua breki ni mbovu. Sasa karatasi inaniambia gari ulituma wewe, kwa mzigo wako. Huyu dereva alikuwa kazini kwako. Madhara ya huyu mama ni juu yako."

Okiru alilia mbele ya watu. Mtu mzima, analia bila kuficha.

Tajiri alilipa, nami nikanunua cherehani nyingine. Mguu ulibaki mfupi kidogo, nikajifunza kukanyaga na wa kulia peke yake, na nilishona hivyo mpaka wanangu wote wakamaliza shule. Madereva wa Malaba nao walianza tabia mpya. Mtu akiona breki mbovu, anamwambia karani, "Andika hapo kwamba umenituma nayo." Makarani wengi ghafla walikumbuka njia ya gereji.

Funzo langu ni hili. Usikimbilie kumlaumu aliyeshika usukani kwa sababu ndiye unayemwona. Uliza ni nani alimtuma, gari ilikuwa kwa kazi ya nani, na huyo alijua nini. Na karatasi usitupe, hata iliyoandikwa kiuno cha mtu.

Kama ajali imewahi kukufikisha kortini, weka yako hapa, nina muda wa kusoma. Na mawakili mlio humu, mnaweza kuniambia kama hakimu alikosea sheria. Rufaa yenu nitaisikiliza mimi mwenyewe.