Anarekodi

Modemu yangu inaishi nje. Nimeifunga kwenye ncha ya mwanzi, juu ya paa la chumba ninachofanyia kazi hapa Kasongo, ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiiue. Mwanzi ukielekea kwenye mnara, ninapata intaneti ya kufungulia barua pepe. Kuku akiruka juu ya paa na kuugusa, ninapata duara linalozunguka. Wageni wakiuona mwanzi huo huuliza ni bendera ya chama gani.

Hii ndiyo inayoitwa intaneti ya kasi. Maneno hayo yameandikwa kwenye boksi la modemu, pamoja na picha ya familia inayocheka mbele ya kompyuta. Nimeitazama sana familia ile. Hakuna hata mmoja wao aliyeshika mwanzi.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Watu huniletea barua za kuomba kazi, ripoti za shule, matangazo ya vilio. Ninaviandika kwenye kompyuta, kisha ninavitoa kwenye karatasi au ninavituma. Sikusomea. Nilijifunza kila kitu peke yangu, kwa masomo niliyoyashusha kipande kwa kipande kupitia modemu hiyo hiyo, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba sasa ninajua, sijawahi kuamini kwamba ninajua. Ninaweza kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi kati ya maneno mawili. Mteja husimama mlangoni akisema inatosha. Mimi viganja vinanitoka jasho, na haitoshi.

Kwa kazi hiyo nimejifunza kudharau vitu viwili: rezo yenyewe, yaani mtandao wa simu, na watu wanaodanganya kwa jina lake. Hao wa pili ndio niliowadharau zaidi. Huku kwetu rezo hubeba makosa ya kila mtu. Mchumba asiyepiga simu, rezo. Mjomba aliyeahidi kusaidia kisha akanyamaza, rezo. Mtu hata akichelewa kwenye mkutano wa nyumba ya pili, atasema rezo.

Asubuhi moja mkuu wa shule fulani alikuwa ameketi kwenye benchi langu anakunywa chai. Ripoti yake ilikuwa haijaandikwa hata mstari mmoja. Siku hiyo modemu ilikuwa na afya njema kuliko sisi wote. Simu yake ikalia, alikuwa inspekta wa shule.

“Rezo, Mheshimiwa,” akasema, kikombe mkononi. “Tangu jana tunasukuma, inakataa. Niko hapa na fundi mwenyewe. Anatoka jasho kabisa.”

Akakata simu, akanigeukia.

“Umesikia?”

“Nimesikia, Directeur.”

“Basi ukiulizwa…”

“Nitasema rezo.”

“Rezo haina mudomo,” akasema, akamalizia chai yake. “Ndiyo uzuri yake.”

Nilimcheka moyoni wiki nzima. Nilijiona mtu msafi.

Shangazi yangu anaishi Wamaza, upande wa Kabambare. Alinilea miaka sita baada ya mama yangu kufariki, yeye na mume wake, mkulima wa mpunga na karanga. Nilipohamia mjini, mume wa shangazi ndiye aliyekuwa akinitumia ujumbe wa sauti. Alichukua simu ya binti yao wa mwisho, akapanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, kwa sababu aliamini rezo inapita juu ya vichwa vya watu kama ndege, akaongea. Sauti zake zilikuwa vituko. Bismillahi, kikohozi, mbuzi anafukuzwa, unakula vizuri?, tena mbuzi, halafu kimya kirefu akitafuta lile alilopandia kichuguu. Akilikumbuka ameshatuma. Basi anatuma ya pili, inayoanza na Bismillahi nyingine.

Nilikuwa hodari wa kumwigiza mbele ya wateja. Walicheka mpaka wakasahau kwamba wananisubiri. Kumjibu, sikuwa hodari hivyo.

Mume wa shangazi alifariki asubuhi, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imekata njia. Pikipiki zilizojaribu kwenda Wamaza zilirudi zikiwa na rangi ya matope mpaka kwenye taa. Sikuweza kufika kilioni. Nilichobaki nacho kilikuwa simu.

Pole nayo ina muda wake. Ni siku tatu. Siku ya tatu hitima inasomwa, mikeka inakunjwa, na mtu ambaye hajasema pole huyo ana maelezo ya kutoa. Kumwandikia shangazi haikufaa, hasomi. Kumpigia ningeweza. Hapa ninaungama: sikupiga kwa sababu simu ikipigwa haina kufuta. Ukikosea neno, limekwenda, limeingia katika sikio la mjane. Kwa hiyo nikaamua kurekodi.

Katika sauti ya kwanza nilitetemeka. Nikatelezesha kidole kushoto, sauti ikaanguka ndani ya kile kipipa kidogo cha takataka. Katika ya pili pikipiki ilipita. Katika ya tatu nilisema “marehemu” kwa sauti ile ninayosomea matangazo ya vilio vya watu nisiowajua, na nikajichukia. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimepata sentensi nzuri sana, lakini jogoo wa jirani akaingia katikati yake. Kipipa.

Siku ya pili niliandika maneno yangu kwenye kompyuta. Niliyasahihisha. Niliyatoa kwenye karatasi, nikayasoma mbele ya simu, nikasikia kwamba yanasikika kama yanasomwa. Kipipa tena. Nilifunga dirisha, joto likanitoa pumzi, na pumzi hiyo ikasikika kwenye sauti. Nilifungua dirisha.

Siku ya tatu, siku ya hitima, mteja mmoja mama aliuliza kama nimewapa pole watu wangu wa Wamaza.

“Rezo,” nikamjibu.

Neno lilinitoka laini, bila kikwazo. Katika siku zote tatu ndilo pekee nililolisema mara moja likawa sawa.

Nilituma siku ya nne asubuhi. Sekunde arobaini na moja, safi, bila jogoo. Mwishoni niliongeza kwamba tangu siku ya kwanza nilikuwa nikituma na rezo ikikataa. Alama mbili za kuonyesha kwamba ujumbe umefika zikatokea pale pale, kabla sijaondoa kidole. Ilikuwa kama mnara wenyewe umenitemea mate.

Sikuogopa sana. Katika simu yangu nilikuwa nimezima kila kitu kinachoweza kumtangaza mtu: alama za buluu, saa niliyoonekana mara ya mwisho, picha. Nilijua mambo hayo. Nilikuwa nikiwazimia hata wateja.

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri. Ilikuwa sauti ya shangazi mwenyewe, na nyuma yake kinu kilikuwa kikilia.

“Binti ya kaka yangu. Nimesikia pole yako. Iko safi, iko kama ya radio. Sasa nakuambia kitu. Rezo ya huku haikufa hata siku moja. Simu tuliiweka katikati ya mukeka. Mudogo wako alikuwa anatusomea kile simu inaandika chini ya jina yako. Anasema, anarekodi. Wamama wote tunanyamaza, tunangoja. Anasema, ameacha. Tunarudia kulia. Anasema, anarekodi tena. Tunanyamaza tena. Siku ya kwanza vile. Siku ya pili vile. Wakaniuliza, huyu mutoto yako anatengeneza pole ama anatengeneza kitanda?”

Mwanamke mwingine akadakia kutoka mbali: “Mwambie tulichoka kunyamaza!”

Kinu kikasimama. Shangazi akashusha sauti.

“Bwana yangu alikuwa anakutumia maneno, haujibu. Mimi nilikuwa namwambia, ni rezo, muzee, umusamehe. Alikufa anajua ni rezo. Leo najiuliza kama nilimudanganya mutu yangu. Pole ya rezo siitaki. Njia ikikauka, ukuje. Usipokuja, nitajua sina mutoto Kasongo.”

Niliisikiliza mara moja tu. Halafu nilifanya jambo la kipumbavu: badala ya kulia, nilifungua mipangilio ya simu, nikatafuta mahali pa kuzimia lile neno “anarekodi”. Nilitafuta kwa saa nzima. Halizimiki. Unaweza kuficha uso wako, unaweza kuficha kwamba umesoma, lakini ukishika kile kipaza sauti kidogo, simu inapeleka habari mbio, na siku ile ilizipeleka kwa rezo ile ile niliyokuwa nikiisingizia.

Nilimsimulia mkuu wa shule, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuhukumiwa na mtu niliyemdharau.

“Weye fundi haukujua?” akashangaa. “Hata wanafunzi yangu wanajua. Ndiyo maana mimi napigaka simu tu.”

“Ulisema rezo haina mudomo.”

“Rezo haina. Simu iko nao.”

Akaniomba nimwandikie ripoti yake, sasa kweli. Nikaiandika. Ilikuwa na makosa mawili ya nafasi na sikuyarekebisha.

Njia ilikauka baada ya wiki. Nilichukua pikipiki, nikakaa nyuma ya dereva nikiwa nimefunga kitambaa kichwani mpaka mdomoni, na ndani ya kitambaa hicho nilifanya mazoezi ya maneno yangu mpaka daraja la kwanza la magogo, tena mpaka la pili. Dereva aliuliza kama ninasali. Nilisema ndiyo. Hilo nalo ni la kuungama.

Wamaza nilishuka, nikatoa simu mfukoni kwa mazoea tu. Alama za rezo zilikuwa zimejaa zote. Kule, karibu na mashamba ya karanga, bila mwanzi, bila mfuko wa plastiki. Niliirudisha mfukoni kwa hasira.

Shangazi alikuwa ndani, katika eda yake, amejitanda nguo nyeupe isiyo na ua. Alikuwa amekonda mikono. Nilipiga magoti, nikaanza.

“Shangazi, Mwenyezi Mungu akupe subira, na…”

“Hiyo nilisikia,” akasema.

Binti yake, yule msomaji wa simu, alikuwa amekaa pembeni akiniangalia kama mtu anayesubiri neno litokee kwenye kioo.

“Rezo ilikuwa nzuri,” nikasema.

“Najua.”

“Hata kwa muzee. Zile sauti zake zilikuwa zinafika zote. Nilikuwa ninataka kumujibu vizuri.”

“Na ile vizuri ilifika lini?”

Shangazi alivuta ungo wa mchele uliokuwa karibu naye, akausukuma mpaka ukagusa magoti yangu.

“Chambua mawe. Humo ukitafuta kosa, unasaidia watu.”

Binti yake akaficha mdomo kwa kanga. Nilichambua. Ulikuwa mchele wa shamba lao, aliouvuna marehemu mwenyewe, na ulikuwa na mawe mengi. Nilikwenda punje kwa punje, kama ninavyojua, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi viganja vyangu vilikuwa vikavu. Labda ndiyo sababu lile jambo lingine lilinitoka. Nilimwambia kwamba nilikuwa nikimwigiza mume wake mbele ya wateja ili wacheke.

Shangazi aliacha kutazama ungo.

“Ulikuwa unafanya namna gani?”

“Shangazi, ni aibu.”

“Nakuuliza namna gani.”

Nikafanya. Sikuwa nimejiandaa, na koo lilikuwa limejaa vumbi la njiani. Bismillahi. Kikohozi. Mbuzi. Unakula vizuri? Mbuzi tena. Nilipofika kwenye kile kimya chake kirefu sikujua jinsi ya kukimaliza, kwa hiyo kikaendelea chenyewe, sote watatu tukiwa ndani yake, na nje kuku akiparura ukuta.

“Hapana,” shangazi akasema hatimaye. Alikuwa amejifuta uso kwa ncha ya nguo yake. “Umekosea. Anaanza kukohoa, ndipo anasema Bismillahi. Kila siku vile. Rudia.”

Nikaweka ungo chini. Nikaanza upya, kwa kikohozi.