Mdomo wa Babu wakati wa radi

Mpishi haachami mdomo radi ikipiga, Baba Mdogo. Ndivyo nilivyomjibu leo jioni hapa Njiro, maana ameng'ang'ania kwamba Babu, baba yake mzazi, alijiandikisha jeshini kwa hiari ili ale nyama, na huko Burma aliwapikia wazungu tu. Kesho fundi anasakafia kaburi la Babu kule Nduruma. Baba Mdogo ameshamwambia aandike kwenye simenti ikiwa mbichi: Mpishi wa Jeshi.

"Wewe ulikuwa mtoto, mama, unajua nini?" akaniuliza Baba Mdogo.

Ndiyo, nilikuwa mtoto. Lakini tukiwa bado tunabishana radi ilipiga upande wa Mlima Meru, harufu ya vumbi lililoloa ikaingia dirishani, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nani alinifundisha?

Likizo sisi wajukuu tulikuwa tunapelekwa Nduruma kwa Babu. Mvua ikianza tunakimbilia jikoni, tunamkuta Babu anapika chapati, anazigeuza kwa vidole. Wazee wenzake walimtania: "Wenzako walirudi na redio, wewe ukarudi na kikaango." Anacheka nao. Hakuwahi kumkatalia mtu, ndiyo maana wote wakaamini alikuwa mpishi.

Ila umeme ukimulika tu, anaiacha chapati iungue. Anaupa mlima mgongo, anaziba masikio kwa viganja, anaachama mpaka tunayaona mapengo yake yote. Na sisi tunaachama naye, tunangoja ngurumo, halafu tunacheka mpaka tunapaliwa.

Siku moja nikamuuliza, "Babu, vitani ulimpiga nani?" Nilitaka jina kabisa.

"Tulipiga ng'ambo ya mlima," akasema. "Sikumwona mtu."

Nikauliza mlima ulikuwa umewakosea nini. Akatabasamu kidogo, akanipa ile chapati iliyoungua. "Kula, mama."

Nilikuja kuelewa sekondari, Babu akiwa ameshafariki. Mwalimu wa fizikia alikuwa anafundisha presha ya hewa, akasema wapiga mizinga huachama ili ngoma za masikio zisipasuke. Nikacheka peke yangu darasani, halafu machozi yakanitoka, wenzangu wakafikiri naumwa.

Lile jibu la mlima, hilo nimelielewa leo. Mzinga unatupa mbali, anayeupiga haoni unapoangukia. Labda ndiyo maana hakukataa kuitwa mpishi. Watu aliowapikia, aliwaona wakila.

Kwa hiyo upishi wake simnyang'anyi. Lakini na ule mdomo sitaki ufukiwe na simenti. Kesho asubuhi napanda bodaboda, nifike Nduruma fundi hajachanganya mchanga. Nitamwambia aandike yote mawili: Alipiga mizinga Burma. Alitupikia chapati.

Baba Mdogo akikasirika, nitamwamkia shikamoo, kisha nimuombe angoje radi.