Miji Kumi na Miwili ya Raelene

Kwa miaka thelathini na mmoja Raelene Hoffner alisimama mahali pamoja. Najua kwa sababu nilisimama kando yake, mimi kushoto yeye kulia, katika banda la kufungashia machungwa pale mjini kwetu Renmark. Mkanda wa mashine ulipita mbele yetu na matunda juu yake, nasi tukitoa yaliyochubuka. Makasha yaliyojaa yalipangwa karibu na mlango, yameandikwa majina ya bandari: Rotterdam, Hamburg, Antwerp. Kila asubuhi tukiingia Raelene aliyasoma kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Haya yanakwenda, shoga," aliniambia. "Mimi na wewe tunabaki na yaliyooza."

Alizaliwa mitaa mitatu tu kutoka nyumba anayoishi sasa. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, na sijawahi kumwona amekula chakula chote akiwa amekaa. Alikuwa akitafuna huku anafuta meza. Mumewe, Clem, alikuwa kinyume chake kabisa. Alifanya kazi kwenye lango la mto Murray, pale boti zinapopandishwa na kushushwa kutoka maji ya chini kwenda maji ya juu. Boti inaingia, unafunga nyuma yake, unasubiri maji yajae, unafungua mbele. Huwezi kuyaharakisha maji. Clem aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu, na nadhani ilimwingia mwilini. Ukimwuliza jambo, ulikuwa na muda wa kumimina chai kabla hajajibu.

Raelene alipofikisha miaka sitini na saba, Clem sabini na mmoja, walikubaliana kwamba mwezi wa tisa wangekwenda Ulaya kwa siku ishirini na tano. Nasema walikubaliana. Ukweli ni kwamba Raelene alisema, na Clem akasema sawa.

Kuanzia hapo Raelene hakutulia. Alinunua ramani kubwa akaibandika ukutani jikoni, juu ya friji. Akatengeneza jedwali kwenye kompyuta, siku upande mmoja, saa upande mwingine, kila kisanduku kina rangi yake. Siku moja ya mwezi wa nne aliniletea lililochapishwa, kurasa saba zimebanwa pamoja.

"Angalia kama kuna kosa," alisema. Hakukaa. Alisimama mlangoni akizungusha funguo za gari kidoleni.

Nikasoma. London, Amsterdam, Brasels, Kolon, Berlin, Praha, Vienna, Venisi, Florensi, Roma, Barselona, Paris. Miji kumi na miwili. Siku ya tisa pekee ilianza saa kumi na moja alfajiri: kuamka Praha, treni ya kwenda Vienna, kuacha mizigo, jumba la makumbusho, kanisa, bustani, soko, jumba lingine, chakula cha jioni saa moja na robo. Dakika ishirini zilitengwa kwa ajili ya "kupumzika/kubadili viatu".

"Rae, hapa mnalala saa ngapi?"

"Tutalala tukirudi."

"Na goti la Clem?"

"Goti limefanyiwa upasuaji. Ni jipya. Afadhali hata langu."

"Clem mwenyewe anasemaje?"

"Anasema sawa."

Nikamwambia, nusu kwa utani, kwamba angeijaribu kwanza hiyo siku ya tisa hapa hapa nyumbani. Aburute mabegi, apande basi alfajiri, aende mji mkubwa wa Adelaide, afanye kila kilichoandikwa, halafu aone. Nilitegemea acheke. Akaacha kuzungusha funguo.

"Si wazo baya," alisema, na kesho yake alikuwa ameshakata tiketi.

Nilichokuja kukijua juu ya safari ile ya Adelaide nilikisikia mara mbili, kwanza kwa Raelene, kisha kwa Clem, na masimulizi yao hayakutofautiana sana.

Waliondoka Jumanne na mabegi mawili yaliyojazwa kama ya safari ya kweli, maana Raelene alisisitiza uzito uwe ule ule. Saa nne kasoro walishuka mjini. Hoteli aliyoichagua haikuwa na lifti. Aliitafuta makusudi, kwa kuwa ile ya Vienna pia haikuwa na lifti. Clem alipandisha begi lake ghorofa tatu, akapumzika kila ngazi zilipokunja kona. Hakulalamika. Saa nne na nusu walikuwa nje tena, wanashuka kuelekea mtoni kisha wapande hadi jumba la makumbusho.

Raelene alitangulia. Ndivyo wanavyotembea siku zote, yeye mbele hatua tano au sita, Clem nyuma. Alikuwa anamweleza mpango wa Vienna: kule wageuke wapi, wale nini, ipi ndiyo tiketi ya kuingia sehemu zote. Alieleza njia nzima. Anasema hata aliuliza maswali na akajijibu mwenyewe, kama kawaida yao. Walipofika jumba la makumbusho, yeye akijua wamefika wawili, alimkabidhi msichana wa mapokezi mkoba wake wa mgongoni, akasema, "Na wa mume wangu pia, tafadhali."

Msichana akachungulia nyuma yake. "Mume yupi, mama?"

Raelene akageuka. Hakukuwa na mtu.

Alipiga simu ya Clem. Iliita hotelini, ndani ya begi, ghorofa ya tatu. Aliniambia kilichomtisha zaidi ni kwamba hakujua amempotezea wapi. Inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa nusu saa. Alirudi njia ile ile karibu akikimbia, akitazama kila benchi, akitafuta watu waliokusanyika kuzunguka mtu aliyeanguka.

Alimkuta mtoni, karibu na kizuizi cha maji pale magharibi mwa mji. Clem alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi wa saruji, ameshika nusu ya pai ya nyama, anazungumza na fundi aliyekuwa akiondoa majani na magogo yaliyonasa kwenye mageti. Fundi alikuwa amempa nusu ya pai yake.

"Clem."

"Eh, umerudi."

"Nimerudi? Nimetoka jumba la makumbusho, mzee. Nimetembea njia nzima naongea na hewa."

"Ulikuwa unasema nini?"

"Usinichekeshe. Nimedhani umekufa."

Fundi aliona afadhali arudi kwenye magogo yake. Clem alisogea, akampa nafasi ukutani. Raelene hakukaa.

"Nilikuita," Clem alisema. "Mara mbili. Nikasema wacha nikae hapa, utaniona ukigeuka."

"Sasa kama sikusikia?"

"Hukusikia." Akamalizia pai yake. "Rae, mimi nikikufuata naona mgongo wako tu. Miaka arobaini na minne naujua mgongo huo. Sina haja ya kukaa ndani ya ndege kwa saa ishirini na mbili ili nikautazame Vienna."

"Mbona hukusema tangu mwanzo? Kila siku nakuuliza, kila siku unasema sawa."

"Unauliza huku unaondoka. Nikianza kujibu uko kibarazani."

Hapo Raelene alikaa. Anasema hakukaa kwa sababu amekubali, alikaa kwa sababu alikuwa amechoka kukimbia. Wakatazama maji yakipita kwenye mageti. Baada ya muda alimwuliza, safari hii bila kuinuka, kwamba yeye, Clem, kama ingekuwa yake, angetaka nini huko Ulaya. Clem alichukua muda wake. Akasema zamani, ofisini kwao pale langoni, kulikuwa na gazeti kuukuu lenye picha ya mji mdogo mashariki mwa Ufaransa, unaitwa Saverne. Mfereji unapita katikati ya mji, na lango la boti liko pale pale karibu na maduka. Mtu akitoka kununua mkate anaona boti zinapanda. Angependa kukaa pale aziangalie.

"Kwa saa ngapi?"

"Siyo saa. Siku kadhaa."

Walirudi Renmark kesho yake. Siku ya tisa ya mpango haikukamilika hata nusu.

Nilidhani sasa mambo yatakuwa mepesi. Wiki mbili Raelene hakulifungua jedwali. Alipaka rangi uzio ambao haukuhitaji rangi. Aling'oa mawaridi upande mmoja wa nyumba akayapanda upande mwingine. Nikipita alinisalimia bila kuacha koleo. Siku moja nilimsimamisha.

"Una hasira na Clem?"

"Sina hasira na mtu." Alijifuta jasho kwa mkono wenye udongo. "Unajua, shoga, nikipunguza mji huu na ule, naona kama kuna mtu ananirudisha pale kwenye mkanda. Simama hapa, mengine yapite."

Nilimwambia aje kwangu jioni na kurasa zake.

Alikuja, na safari hii alikaa, ingawa mguu mmoja ulikuwa unacheza chini ya meza muda wote. Tulianza upya kwa kuhesabu usiku, si siku, kwa kuwa siku ya kufika mahali haina maana: unafika, unatafuta chumba, unatafuta chakula, jua limekwisha. Kila mji aliotaka kuubakiza ilibidi upate angalau usiku nne, isipokuwa mmoja wa kupitia. Kila baada ya safari ndefu, ya ndege au ya treni, tuliacha siku moja tupu, haina kitu ndani yake.

"Tupu kabisa?" aliuliza. "Niandike nini?"

"Usiandike."

Aliacha kisanduku cheupe, akakitazama kama tundu kwenye nguo yake.

Barselona ilitoka bila ugomvi, iko mbali na mingine yote. Brasels na Kolon zikafuata. London aliitetea nusu saa kabla ya kuikata. Berlin na Florensi zilitoka pamoja. Praha aliikata mwenyewe. Vienna alipoifikia aliweka kalamu chini, akaenda kusimama kwenye sinki akiwa amenipa mgongo, nami nikachemsha maji tena ingawa chai ilikuwapo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na Vienna ilitoka. Tulibaki hivi: kuingilia Amsterdam, usiku tano, Saverne saba, Luzern, mji wa kupitia tu, mbili za kuivunja njia, Venisi nne, Roma tano, na kuondokea huko huko ili wasirudie njia waliyokuja nayo. Ilikuwa miji mitano.

"Na Paris?" nilimwuliza, maana ilikuwa bado imezungushiwa duara.

"Paris ni chini ya saa tatu kwa treni kutoka Saverne," alisema. Alikuwa anaitazama ramani. "Clem atakuwa na boti zake."

Sikumwelewa mpaka aliposema linalofuata, taratibu, kana kwamba anaomba ruhusa kwangu. "Naweza kwenda mwenyewe. Usiku mbili."

Raelene hakuwahi kulala hotelini peke yake. Alitoka kwao akaingia kwa Clem. Nilipomwuliza kama Clem atakubali, akasema atamwuliza, na atakaa hadi ajibiwe. Baadaye Clem aliniambia kibarazani, "Jirani, safari hii aliningoja. Nikashtuka nikasahau nilichotaka kusema." Alichosema hatimaye ni kwamba achukue simu, na asiiache kwenye begi kama wajinga fulani.

Walikwenda mwezi wa tisa. Siku ya pili Amsterdam goti la Clem lilivimba, na siku ya tatu ndiyo ile iliyoachwa tupu, kwa hiyo alilala ameliweka juu ya mto wa kitanda na hakuna kilichoharibika. Raelene aliizunguka mitaa jirani mara nne. Kule Saverne Clem alikaa karibu na lango kila siku kuanzia asubuhi. Huko Wafaransa wenye boti wanafungua mageti wenyewe, na Clem, ambaye hajui neno la Kifaransa, alijikuta anashika kamba zao. Raelene naye kufikia siku ya tatu alikuwa amelitazama jumba la kale la mji huo ndani na nje, amefua nguo zote, na ameanza kumsahihishia Clem namna ya kukaa.

"Nenda zako Paris," Clem alimwambia.

Akaenda. Aliporudi Renmark niliisubiri hadithi hiyo kuliko zote, nikidhani nitasikia majumba na minara. Alinieleza ghorofa aliyolala, dirisha lisilofunga vizuri, mkate aliokula amesimama kwenye daraja saa moja asubuhi.

"Kitu kimoja sikielewi," alisema. "Nilitembea polepole."

"Ulichoka?"

"Hapana. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilikuwa peke yangu, hakuna anayenichelewesha, na nikatembea kama Clem. Nilisimama hata kuangalia mtu anabandika vigae." Alinitazama kama ningempa sababu. "Siku nzima niliona majengo matatu. Nilikuwa nimeandika tisa."

"Ulifurahi?"

Alifikiri. "Sijui kama ni furaha. Nilitaka kwenda tena kabla sijaondoka."

Venisi na Roma walizipita pamoja. Clem anasema kule Roma Raelene alitembea sambamba naye karibu nusu ya muda, nusu nyingine ilikuwa mgongo ule ule anaoujua, lakini uligeuka mara kwa mara.

Ramani bado iko juu ya friji, na Vienna imezungushiwa duara la kalamu mpya. Clem hajaulizwa. Wakati huo huo Raelene ameanza tabia nyingine: kila Alhamisi asubuhi anachukua gari, anakwenda mji wowote unaomjia kichwani, peke yake, na anarudi kabla ya chakula cha jioni. Haandiki mpango. Wiki iliyopita alikuwa Loxton. Leo nimemwona anaondoka mapema, nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema Mildura, pengine, kisha akaegemea usukani akasema au asifike huko, ataona barabarani. Clem alikuwa ameshika lango la uzio ili apite. Lilipofungwa alibaki amesimama kidogo, akaniuliza kama nina maji ya moto.

Nilikuwa nayo. Tulikunywa chai mimi na yeye, na mara mbili alitazama saa.