Volti Ni Zilezile

Muuza vifaa vya umeme wa Mlabani hupuliza vumbi kwenye kila adapta kabla ya kuitoa, taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. "Taa zako volti kumi na mbili, nayo kumi na mbili. Unataka nini tena, mama?" Ile ya kwanza aliyomuuzia Agnella ilikuwa ya redio ndogo; ilipobebeshwa taa za nyumba nzima iliyeyuka, nusura iunguze chandarua cha mwanawe. Sasa anampulizia nyingine ya aina ileile, bila haya! Agnella akafuata kwa macho waya wa taa za dukani hadi chini ya meza, kwenye betri ya lori.

"Na hiyo mbona huniuzii?"

"Hiyo si ya kuuza, mama," akasema, akipuliza. "Hiyo ni ya kutumia."